Maisha ya Janet Aloo Odeta, Aliyetunza Kaburi Lisilo na Jina Igoma

Familia imeniomba mimi, Gidion Okwach, niandike na kusoma maneno haya kwa kuwa ndimi shemeji yake niliyebaki. Mchungaji ameshauri yasizidi kurasa mbili. Nimemwahidi kujitahidi, ila marehemu mwenyewe akianza habari alikuwa haimalizi mpaka chai ipoe, na sioni haki kumfupisha leo wakati hawezi kunijibu. Walio juani wasogee chini ya turubai, tutakaa kidogo.

Marehemu Janet Aloo Odeta alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Agosti 1962, katika kijiji cha Kinesi, wilaya ya Rorya ya leo, mkoani Mara. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Alexander Odeta na mama Wilhelmina, wote wametangulia. Mzee Odeta alivua samaki na kulima mihogo, na Janet tangu akiwa mdogo kazi yake ilikuwa kulinda dagaa walioanikwa kwenye miamba ya ufukweni wasiliwe na kunguru. Dada zake walisimulia kwamba kila kunguru alikuwa amempa jina la mwalimu mmoja wa shuleni, na kwamba siku moja mwalimu mkuu alipita njia ya ufukweni akasikia jina lake likitukanwa na kurushiwa mawe. Janet hakuchapwa. Alipoulizwa, alisema kunguru yule anapenda kufika mapema kuliko wenzake, na mwalimu akaona hilo ni sifa.

Alisoma Shule ya Msingi Kinesi kuanzia mwaka 1970 mpaka 1976. Alifaulu vizuri, lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache na nyumbani kulikuwa na wadogo wa kulea, kwa hiyo aliishia darasa la saba. Hakuwahi kulilalamikia hilo mbele yangu. Alichobaki nacho ni sauti ya kusoma. Kanisani alikuwa akiombwa kusoma neno, na watu waliokuwa wakisinzia waliamka.

Mwaka 1979 alikwenda Mwanza kuishi na shangazi yake Kirumba. Shangazi alikaanga samaki pale Mwaloni, kwenye soko la samaki, na baada ya miezi michache binti alikuwa anakaanga vizuri kuliko mwenye biashara. Mliokuwepo mnaikumbuka Kirumba ile. Jumapili Pamba ikicheza, mitaa yote ilikuwa inaelekea uwanjani, na Janet aliwahi kuniambia kwamba alijua matokeo bila kutazama mpira, kwa namna watu walivyonunua samaki wakati wa kurudi: wakishinda wananunua wawili wawili, wakifungwa wanaomba kukopa. Jioni redio zilikuwa zinasikika nyumba hadi nyumba, taarifa ya habari ileile, na ukitembea kutoka Mwaloni hadi kwenu ulikuwa unaisikia yote bila kukosa neno. Nilifika kule mwaka 1988 kutafuta maisha, nikalala kwenye sebule ya hawa ninaowasimulia, na nikiri kwamba sijawahi kula vizuri hivyo tena, samahani mke wangu.

Kaka yangu Elias Okwach alikuwa seremala katika karakana moja Nyakato. Kila jioni alitoka Nyakato mpaka Mwaloni kwa baiskeli kununua samaki, ingawa samaki walikuwepo karibu zaidi. Alikaa kwenye benchi la Janet, akala, akaacha kichwa. Siku ya kwanza Janet alinyamaza. Siku ya pili akanyamaza. Siku ya tatu ikamshinda, akamuuliza, "Wewe ni Mjaluo gani unayeacha kichwa?" Elias akamjibu, "Naacha ili uniulize." Walifunga ndoa hapa Sota, Shirati, tarehe 22 Desemba 1984. Mungu aliwajalia watoto wawili, Winnie mwaka 1986 na Yakobo mwaka 1991. Milango ya nyumba yao ya kupanga ilikuwa mizuri kuliko nyumba yenyewe, na mwenye nyumba alikuwa anawaleta wageni kuitazama.

Sasa nafika mahali ambapo Mchungaji aniwie radhi.

Mwanzoni mwa Mei 1996, Elias na wenzake wawili wa karakana walivuka kwenda Bukoba kupachika milango na madirisha ya zahanati moja. Jumatatu mchana alipiga simu karakana akaacha ujumbe: "Mwambieni Janet naingia kesho asubuhi na meli. Aniwekee sato, na safari hii kichwa nitakimaliza." Jumanne, tarehe 21 Mei, Janet aliweka sato pembeni, mkubwa, akamfunika kwa sahani. Kisha habari zikaanza kufika Mwaloni, kwanza kwa wavuvi, baadaye kwa redio, kwamba MV Bukoba imepinduka ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Sihitaji kuwaeleza zaidi. Hata leo, pale Mwanza, ukiitaja tarehe ile mbele ya mtu wa umri wangu hakuulizi ni mwaka gani. Anakuuliza, wa kwenu alikuwemo?

Wa kwetu alikuwemo. Nilitembea na shemeji siku zote za kutafuta, nimembebea mkoba. Tulikwenda bandarini, tukaenda hospitali, tukaenda uwanjani ambako miili ilipangwa. Elias alikuwa amekatwa na msumeno ncha ya kidole cha kati, mkono wa kushoto, kwa hiyo Janet alikuwa anaangalia mikono. Alipita mstari hadi mstari akiwa amejifunga kanga puani, na kila alipoinuka alikuwa ananitazama na kutikisa kichwa, na mimi nilikuwa sijui nifurahi au nilie. Wengine walikuwa wamekaa ziwani siku nyingi, mikono yao ilikuwa haisemi tena chochote. Hatukumpata.

Waliokosa wa kuwatambua wengi walizikwa Igoma. Siku ile tulikuwepo, sisi na mji mzima. Majeneza yalikuwa yanashushwa kutoka kwenye malori, na Janet hakuwa analia, alikuwa anatazama. Kisha likashushwa moja refu kuliko mengine, wabebaji wakilihangaikia, na akanishika mkono kwa nguvu. "Huyo ndiye," akasema. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Unamjua kaka yako alivyo. Wataweka nani mwingine kwenye jeneza hilo?" Elias kweli alikuwa mrefu, milango yote aliyotengeneza aliongeza kidogo juu kwa ajili ya watu wa aina yake. Sikumpinga. Tulikwenda tukasimama kwenye shimo lile mpaka likafukiwa, na Janet akakariri mahali lilipo.

Miezi ile watu wengi Mwanza walikuwa hawataki kuona samaki, mnajua ni kwa nini, na biashara ya kukaanga ikafa mikononi mwake. Hata waliporudi kula, yeye hakurudi kukaanga. Aliuza karanga za kuchemsha, akauza maandazi, na mwaka 1999 akafungua mgahawa wake jirani na uwanja: ugali, maharage, mboga za majani na nyama siku za mechi. Ndio mgahawa pekee wa Kirumba niliowahi kuuona usiopika samaki. Wageni walikuwa wanashangaa, "Mama, Mwanza nzima ni sato, wewe unatupa maharage?" Aliwajibu, "Sato wako Mwaloni, nendeni mkawasalimie." Walicheka wakala maharage. Kwa maharage yale aliwasomesha Winnie na Yakobo, na Winnie leo ni muuguzi.

Kabla ya hapo, mwaka 1997, wazee wa ukoo walikaa wakaamua shemeji arithiwe, na aliyechaguliwa ni mimi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano. Nilipiga pasi shati, nikapanda kwenda Kirumba kutimiza wajibu. Nilimkuta anafua. Alinisikiliza mpaka mwisho, tena kwa heshima, kisha akanipa ndoo. "Shemeji," akasema, "mimi nimekupikia uji ukiwa huna hata masharubu. Kachote maji, ukirudi tuongee habari ya mke wako." Nikachota maji. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa amenitafutia Queen, yule pale mwenye kitambaa cha zambarau, na tuna watoto wanne. Kwa hiyo wazee wasiseme safari yangu haikuzaa matunda.

Lakini jambo lililomtesa shemeji, na likautesa ukoo huu kwa miaka karibu thelathini, halikuwa urithi. Lilikuwa kaburi. Kwetu sisi mtu aliyepotelea majini asipopatikana, ukoo hutafuta yago, lile tunda refu zito la mwegea, likavikwa sanda, likazikwa nyumbani kama mtu. Ndipo mwenye boma anakuwa amerudi. Asipozikwa, mwanawe hawezi kuondoka na kujenga boma lake, na mkewe akifa hakuna wa kumlaza kando yake. Wazee walimweleza haya mwaka 1997, wakamweleza tena na tena. Jibu lake lilikuwa moja: mume wangu ameshazikwa, yuko Igoma, nimemwona akishuka.

Na kule Igoma alikuwa na vita nyingine. Kila alipokwenda alibeba mawe meupe ya ufukweni, akayapanga juu ya kaburi ili lisipotee katikati ya mengine. Krismasi ya kwanza tulikuta mawe hayapo na juu ya kaburi pameota majani. Shemeji aliinama akayatazama, akayavuta, na chini yake kikatoka kiazi kitamu. Sijawahi kumwona na hasira kama zile. "Mtu analima juu ya mume wangu," akasema, akang'oa yote akayatupa mbali, akapanga mawe mengine. Tuliporudi Pasaka, mawe yalikuwa yametupwa, viazi vimepandwa upya, tena kwa matuta mazuri.

Tarehe 21 Mei 1998 tulikwenda asubuhi na mapema, na tukamkuta mwenye viazi. Alikuwa mama wa makamo, amejifunga kitenge, jembe mkononi.

"Mama, unafanya nini hapo?" Janet aliuliza bila hata salamu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Napalilia."

"Unapalilia kaburi la mume wangu?"

Yule mama akaweka jembe chini. "Mume wako yupi? Hapa amelala mwanangu Maige. Kumbe wewe ndiye unayemrundikia mawe? Nilidhani ni watoto wa mtaani wanachezea. Nimeyatupa mpaka mgongo unaniuma."

"Na wewe ndiye unayelima juu ya Elias?"

"Majani ya viazi yanashika udongo, mvua haiuchukui. Mawe yako yanashika nini?"

Mimi nilijitia ninasafisha kaburi la jirani. Walijibizana pale kwa muda, sauti zikipanda, mpaka Janet akamuuliza amejuaje kwamba ni mwanawe. Yule mama akasema Maige alikuwa kidato cha tano huko Kagera, alikuwa anarudi nyumbani kwa sababu alikuwa mgonjwa, na alikuwa mrefu, kitanda cha nyumbani miguu ilikuwa inaning'inia. "Nilikuwa nimesimama pale, karibu na lori," akasema. "Wakashusha jeneza refu. Nikasema, Mungu wangu, huyo ndiye."

Janet aliketi chini, pembeni ya matuta, na yule mama naye akaketi upande wa pili. Janet akasema, "Na mimi niliona jeneza hilohilo." Wakalia, kila mmoja akitazama kwake. Walipomaliza, yule mama alifungua kapu akatoa viazi vya kuchemsha vikiwa bado vya moto, akampa Janet. Janet akakishika kiazi, akakigeuza.

"Vya wapi hivi?"

"Vya shambani kwangu Kisesa. Kwani unanionaje?"

Hapo ndipo nilipomsikia shemeji yangu akicheka kwa mara ya kwanza tangu meli izame. Yule mama ni Evelina Luhende, Mama Maige, na yuko nasi leo, ameketi pale karibu na Winnie. Alikuwa amefiwa na mwana pekee. Alikuwa mjane tayari.

Walikubaliana hivi: mawe yakae pembeni kuzunguka, viazi vikae katikati. Aliye ndani ni mmoja, walilijua hilo, na hakuna aliyekuwa na namna ya kumthibitishia mwenzake. Tangu siku ile wakifika kaburini walikuwa wanasalimia, "Hamjambo humo?" kama wanaopiga hodi kwenye nyumba yenye watu wawili. Mama Maige akapata mgahawa wa kushukia akija mjini, Janet akapata Kisesa ya kwenda kupumzika, na Winnie na Yakobo wakapata mama mkubwa. Alipojifungua Winnie, Mama Maige ndiye aliyemkanda. Lakini sikuwahi kumsikia hata mmoja wao akisema "mwanangu" au "mume wangu" pale kaburini mbele ya mwenzake. Walikuwa wanasema "wa kwetu".

Mwaka 2016 Yakobo, ambaye amerithi useremala wa baba yake na urefu wake pia, alitaka kujenga hapa Sota. Wazee wakamkatalia: baba yako hajazikwa. Alikwenda Kirumba akiwa na hasira, akamwambia mama yake mbele yangu, "Mama, baba alikufa. Watu wote wanajua isipokuwa wewe."

"Nani amekwambia sijui?" Janet alimjibu. "Najua. Ninachokataa ni kumwacha pale Igoma bila mtu, halafu huku nyumbani tunaliita tunda kwa jina lake na kulimwagia machozi. Siku nikilizika hilo tunda, nitakuwa nimesema yule wa Igoma si wangu. Unataka niseme hivyo?"

Yakobo akarudi Nyakato kwenye nyumba ya kupanga, akaendelea kupanga kwa miaka mingine tisa. Mwanangu, najua ilikugharimu, na mama yako alijua. Alilisema kwangu mara nyingi kuliko ulivyosikia.

Mwaka 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na kisukari kilichokuwa kimejificha muda mrefu, na mwaka uliofuata figo zikashindwa. Akawa anakwenda hospitali kusafishwa damu, Winnie akimsindikiza. Alipungua mwili lakini si maneno. Muuguzi mmoja alimuuliza kama anaogopa mashine, akamwambia amewahi kukaanga samaki kwa ajili ya washabiki wa Pamba waliofungwa, mashine haiwezi kumtisha.

Januari mwaka huu alinipigia simu. "Shemeji," akasema, "tafuta yago." Nilidhani homa imempanda. Nikampigia Winnie, Winnie akasema mama yuko timamu, amemwambia hata yeye. Niliwaita wazee. Sitawaficha, ilikuwa furaha. Mzee mmoja alisema ubishi umemchosha mama, ukoo umeshinda, na mimi nilitikisa kichwa kukubali. Tulijua anajiandaa, anataka mahali pa kulazwa, na anamfungulia Yakobo njia ya kujenga. Tulimsifu kwa kuwa hatimaye ametusikiliza.

Sharti lake lilikuwa moja: tunda lisizikwe kwenye kasanduku, lizikwe kwenye jeneza la kimo cha Elias. Yakobo alilitengeneza mwenyewe. Hakuna aliyekuwa na kipimo cha marehemu kaka, kwa hiyo alilala juu ya mbao, Winnie akapiga alama ya penseli juu ya kichwa na chini ya nyayo. Bibi mmoja alimkemea kwamba anajiitia mauti. Yakobo akamwambia, "Bibi, hii ndiyo saizi ya baba, nifanyeje?" na mama yake, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akacheka mpaka akakohoa. Jumamosi, tarehe 22 Februari 2025, Elias Okwach alizikwa hapa nyumbani kwake, pale mnapoona saruji mpya. Mke wake aliweka udongo wa kwanza. Mwezi uliofuata Yakobo akachimba msingi, na boma lake ndilo lile lenye bati la bluu.

Tarehe 21 Mei alitaka kwenda Igoma kama kila mwaka. Nilimwendesha, tukampitia Mama Maige Kisesa. Nilipotaka kushuka kumsukuma, shemeji akaniambia nibaki nilinde gari, kwenye makaburi ambako hakuna anayeiba gari. Mama Maige ndiye aliyemsukuma. Niliwaona kwa mbali wakiongea, nikamwona Mama Maige ameziba mdomo kwa kitenge, amepiga magoti kwenye viazi. Waliporudi hakuna aliyeniambia kitu, na mimi sikuuliza. Tukanunua mahindi ya kuchoma njiani, tukala.

Janet Aloo Odeta alifariki dunia Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, alfajiri, hospitalini Mwanza, mkono wake ukiwa mkononi mwa Winnie. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Hapa ndipo nilipokuwa nimemalizia kuandika. Lakini juzi, msibani Kirumba, Mama Maige aliniita pembeni akanieleza kilichosemwa Igoma siku ile, akaniruhusu niwasomee.

Janet alimwambia, "Mama Maige, nimemchukua wangu, nimempeleka nyumbani. Nimemzika, watu wameona. Aliyebaki hapa ni wa kwako peke yako. Kuanzia leo mwite jina lake."

Mama Maige akamwambia, "Lakini kama ni Elias?"

Janet akasema, "Elias yuko Sota. Muulize mtu yeyote wa ukoo wa Okwach, watakwambia tumemzika."

Ndugu zangu, sisi tulidhani amekubali desturi yetu. Hatujui ni nani aliyelala Igoma, na Janet hakujua. Yawezekana kabisa ni Elias. Yeye ndiye aliyeamini hivyo kuliko mtu mwingine yeyote kwa miaka ishirini na tisa, na bado alikuja hapa akaliwekea udongo tunda, na leo anakuja kulala kando yake, ili mwenzake asiendelee kugawana mtoto. Mama Maige ameniambia kwamba siku ile, kwa mara ya kwanza, aliita pale kwa sauti, "Maige," na kwamba Janet ndiye aliyeitikia kwa niaba yake.

Marehemu ameacha binti, Winnie, na mumewe, mwana, Yakobo, na mkewe, wajukuu watano, shemeji mmoja asiyerithi chochote ila mke mwema, na dada yake, Evelina Luhende wa Kisesa, ambaye ni wa familia hii na ataandikwa hivyo kila mahali. Mama Maige, Mei ijayo tutakupitia kama kawaida. Mawe nitabeba mimi, na tutamsalimia Maige.

Shemeji, maji nimechota, na mume wako tumekutandikia kando yake. Mungu wako akupokee, ulale kwa amani.